Nukta za Bugumba

Imefika Mwaloni juu ya mkokoteni,
hedi ya boti ya Mafuru, imeviringishwa gunia la dagaa,
na oili yake kwenye ndoo ina rangi ya chai ya maziwa.
Magugumaji yalikaba bomba la kupoozea karibu na Ukerewe,
injini ikachemka, wakaituliza kwa kuimwagia ziwa.
Hivyo ndivyo alivyosimulia. Nimefungua nyingi, najua:
chuma cha moto hakisahau maji ya ghafla.

Nimekandamiza springi,
nimenasa koleti kwa sumaku, mbili mbili,
ndogo kama kucha za mtoto,
na valvu nane zimesimama kwenye ubao wenye matundu,
kila moja kwa zamu yake,
maana valvu haiolewi mara mbili:
kiti ilichokizoea ndicho inachokiziba.

Usoni mwa kila moja, nilipokwangua masizi, nukta za ponchi.
Moja. Mbili. Tatu. Hadi nane,
na zile za tatu zimeinama kidogo kushoto.
Mkono huo naujua.
Ni wa fundi Bugumba, aliyenifundisha kazi hii
nyuma ya kontena la kijani, Kirumba,
aliyesikiliza injini kwa bisibisi iliyoegemea taya
kwa kuwa masikio yalikwisha kuliwa na jenereta za barafu.
"Nyamizi," alikuwa akisema, kwa sauti ya mtu aliye ng'ambo ya mto,
"usisage kwa hasira. Pekecha."

Basi napekecha.
Kijiti kati ya viganja, mpira umenyonya uso wa valvu,
pesti ya chenga kwanza, kisha laini,
krr krr, nyanyua, geuza robo, krr krr.
Bibi zetu walitafuta moto hivi. Mimi natafuta mstari:
duara la kijivu, lisilokatika,
jembamba kama uzi wa wavu wa sangara.

Ya kwanza imekubali. Ya pili imekubali.
Ya tatu, mstari unakatika.
Nasaga tena. Unakatika palepale.
Nafuta kwa petroli, nawasha tochi ya simu,
naona ufa
kutoka kiti cha tatu kwenda cha nne,
na juu yake gundi ya chuma, imepakwa rangi ya fedha
kwa ustadi, ili jicho lipite.

Nikakaa juu ya tairi.
Miaka minne nilimbebea mtu yule boksi la spana.

Baadaye nilipopapasa, kucha ikakwama:
mwisho wa ufa, tundu la keekee,
dogo, limetobolewa wima.
Alikuwa ameutangulia ili usitembee,
kama anayelima mkuza mbele ya moto wa nyasi.
Alijua, basi. Hakumwambia mwenye boti,
au alimwambia, na mwenye boti wa wakati ule akasema funga tu.
Sina wa kumuuliza. Bugumba tulimzika Magu, mwaka juzi.

Wanasema usipoziba ufa utajenga ukuta.
Hawakusema ufa wa chuma una miguu:
umeliruka tundu, umesogea unywele mmoja,
umefika kwenye njia ya maji.

"Funga," anasema Mafuru. "Kesho gulio Nansio.
Watu sitini wameshalipa."
Simjibu. Narudisha valvu, nalaza hedi chali,
namimina mafuta ya taa, tunakunywa uji.
Uji unaisha. Nakishika kidole chake cha shahada,
nakiingiza kwenye tundu la maji, chini,
mahali ambapo mafuta ya taa hayana ruhusa.
"Hakuna kitu," anasema.
"Nusa."

Ananusa.
Anakaa juu ya ndoo, anatoa simu, anaitazama, anairudisha.
Anaitoa tena.
Mimi nachomoa valvu, nazipaka oili zote nane,
nazifunga kwenye gazeti, moja moja, nukta juu.
Ile ya tatu nachelewa kuifunga.